Tairi Lililolika Upande Mmoja ni Somo la Jiometri

Mtu yeyote aliyesimama kwa muda pale Usagara, ambapo barabara ya kwenda Geita huachana na ile itokayo Mwanza kwenda Shinyanga, huenda amewahi kuliona lori ambalo kichwa chake chaelekea mbele lakini tela lake limekaa hanamu, mithili ya kaa atembeaye ufukoni. Kando ya barabara hiyo hiyo huonekana pia vipande vya matairi yaliyopasuka. Wengi wetu huyatazama mambo haya mawili kana kwamba hayana uhusiano. Sisi tunadai kwamba mara nyingi ni ndugu, na kwamba elimu ya kuyazuia imo tayari katika vitabu vya hisabati vya shule zetu za sekondari.

Tuanze na mkokoteni wa ng'ombe, ambao kila mwanafunzi wa Usukumani anaufahamu. Mkokoteni una ekseli moja tu. Ekseli hiyo ikikaa mshazari, mkokoteni wote hugeuka kidogo ukafuata njia ya magurudumu yake, na magurudumu hayaumii sana. Tela la lori ni tofauti, kwa kuwa huwa na ekseli mbili au tatu. Ikiwa ekseli hizo si sambamba, kila moja hutaka kwenda njia yake, na kwa kuwa zimefungwa katika fremu moja, hakuna inayoweza kushinda. Kinachosalia ni matairi kuburutwa kwa ubavu juu ya lami.

Ni mburuto wa kiasi gani? Tuseme kwamba kati ya ekseli mbili, moja imesogea upande mmoja kwa milimita 10, na umbali kati ya magurudumu ya kushoto na ya kulia ni milimita 2,000. Hiyo ni tofauti ya 1 kwa 200, yaani pembe isiyofika hata theluthi moja ya nyuzi. Jicho haliwezi kuiona. Hata hivyo, kwa kila kilomita 1 njia za ekseli hizo zingeachana kwa mita 5. Katika safari ya kilomita 160 hivi kutoka Mwanza hadi Shinyanga, jumla yake ni mita 800, ambazo matairi hugawana kuzilipa kwa mpira wake, na mwenye lori huzilipa kwa dizeli.

Tairi huandika historia yake yenyewe, na fundi makini huisoma. Likilika kingo zote mbili, upepo ulikuwa mdogo; likilika katikati, upepo ulizidi. Matairi ya ncha zote mbili za ekseli yakilika upande wa ndani, yaelekea ekseli imepinda kwa kubebeshwa mzigo kupita kiasi. Na ukipitisha kiganja juu ya tairi ukahisi meno makali upande mmoja na laini upande wa pili, basi tairi hilo limekuwa likiburutwa.

Wapo watakaosema kwamba kosa ni la barabara. Ni kweli kwamba mashimo huumiza matairi, lakini barabara mbovu huyapiga matairi yote. Haichagui ekseli moja ya tela ikaiacha ile iliyo jirani yake. Wengine watasema tairi lilikuwa hafifu. Yawezekana; lakini tairi la tatu likifia mahali pale pale walipofia wenzake, kosa tulitafute katika mahali hapo. Kununua tairi jipya na kulifunga juu ya ekseli iliyokaa kombo ni kama kubadili ndoo huku bomba linavuja.

Upimaji wenyewe hauhitaji mitambo. Tela huvutwa mbele kwa mstari ulionyooka, likasimamishwa penye usawa, na magurudumu yakazuiwa kwa kabari. Fundi huteremsha timazi kutoka kwenye pini kuu iunganishayo tela na kichwa, na nyingine kutoka ncha mbili za ekseli ya mbele. Kisha hupima kwa utepe kutoka pini hadi kila ncha. Pande hizo mbili zikilingana, amepata pembetatu pacha, na ekseli imekaa mraba. Ekseli zinazofuata hupimwa kutoka hiyo ya kwanza, kushoto na kulia. Kanuni itumiwayo na mafundi wengi wa matela ni kwamba tofauti ya kwanza isizidi milimita 3, na ya pili isizidi milimita 1.5. Ikizidi, hukaguliwa boliti zishikazo springi, bushi zilizochakaa, na springi zilizovunjika.

Jambo hili si dogo kwa taifa. Kiwanda cha matairi cha Arusha, kilichoanza uzalishaji mwaka 1971, kilisimama mwaka 2009, na matairi ya malori yetu huagizwa ng'ambo kwa fedha za kigeni. Tena, tangu Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, malori hayapumziki tena yakingoja kivuko. Mwendo umeongezeka, na tairi dhaifu likipasuka katika mwendo huo, hasara yake haihesabiwi kwa fedha peke yake.

Kwa hiyo tunawaomba walimu wa hisabati na fizikia walifikishe somo hili nje ya darasa. Wanafunzi na waunde kigari cha mbao chenye ekseli mbili, wakivute juu ya mchanga wa ufuko wa ziwa, kwanza ekseli zikiwa sambamba, kisha moja ikiwa mshazari, na walinganishe alama zinazobaki. Baada ya hapo waende gereji, wasimame mahali salama, wamwone fundi akipima. Huenda siku hiyo mwanafunzi akaacha kuuliza pembetatu pacha ina faida gani maishani.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tairi nalo hupotea vivyo hivyo, milimita baada ya milimita, mikononi mwa mtu asiyepima.