Unga wa Msaada Hauuzwi

Mwanao wa Kayole au Umoja akipata nafasi ya uanagenzi katika shirika la misaada, usimwonye kuhusu kuchelewa tu. Mkumbushe kwamba beji ile ya shingoni ni mamlaka mbele ya mama mwenye njaa.

Mwaka 2003, kanuni za Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa zilikataza wafanyakazi wake kutoa pesa, kazi au bidhaa ili wapewe ngono. Aliye chini ya miaka 18 haguswi, hata akidhaniwa mtu mzima. Anayemshuku mwenzake hana budi kuripoti. Uanagenzi usiwe kisingizio cha kunyamaza.

Na akisumbuliwa yeye na mkubwa wake? Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamlinda. Ila atakwambia, mzazi, iwapo tu swali lako la kwanza halitakuwa: "Ulikuwa umevaa nini?"