Homoni ya Ukuaji na Ulimi wa Mgonjwa

Imezoeleka katika vyama vyetu vya Kiswahili kuamini kwamba lugha ya tiba ni kazi ya madaktari, nasi tubaki na vina na mizani. Mimi naona sivyo, na ushahidi wangu ni homoni ya ukuaji.

Tezi pituitari, iliyo chini ya ubongo na yenye ukubwa wa punje ya kunde, huendelea kutoa homoni hii hata baada ya mtu kukoma kurefuka. Kwa mtu mzima huhifadhi misuli, mifupa na uchangamfu. Jina lenyewe basi lapotosha: mama wa miaka 40 akiambiwa amepungukiwa na homoni ya ukuaji, ana haki ya kuuliza akue aende wapi.

Nasema mama kwa makusudi. Mwaka 1937 daktari Harold Sheehan wa Glasgow alieleza jinsi kuvuja damu nyingi wakati wa kujifungua kunavyoweza kuiua tezi hiyo, ambayo huwa imetanuka kwa sababu ya mimba. Maziwa hayatoki, hedhi hairudi, baridi humsumbua mzazi, na uchovu hudumu miaka na miaka. Penye damu ya kuongezwa upesi, maradhi haya yamekuwa adimu. Lakini mzazi wa Mbwajumali, kisiwani Pate, akizidiwa, hutazamiwa Faza, na pengine hospitali ya Lamu, safari ya mashua inayongoja maji kujaa.

Tiba huanza na vidonge visivyo ghali: kwanza vya kufidia kotiso, kisha vya tezi ya shingo. Utaratibu huo ukipinduliwa, mgonjwa huweza kuhatarishwa. Homoni ya ukuaji hufuata baadaye, nayo kwa kawaida ni sindano ya kila siku kwa miaka, inayotaka jokofu na fedha nyingi. Tangu majaribio ya mwaka 1989 huko Denmark na London, imeonekana kuwa mafuta hupungua na misuli huongezeka. Ama kuhusu ubora wa maisha, wanaonufaika zaidi ni wale waliokuwa taabani, na nafuu kubwa hutokea mwaka wa kwanza.

Taabu hiyo hupimwaje? Kwa maneno! Mwongozo uliotolewa na taasisi ya NICE ya Uingereza mwaka 2003 unamtaka mtu mzima mwenye upungufu mkubwa apate angalau alama 11 kati ya 25 katika hojaji maalumu, na baada ya miezi tisa alama zipungue kwa 7 au zaidi. La sivyo sindano husitishwa.

Hapo ndipo mwanaisimu anapohitajika. Tukisema "nguvu", mwanamume atafikiria nguvu za kiume. "Ulegevu" unanusa uvivu, na hakuna mke atakayejishuhudia hivyo mbele ya mkwewe. "Kuchoka" ni matokeo ya kazi, ilhali mgonjwa huyu huamka amechoka. Hata "hali ya maisha" humpeleka msikilizaji kwenye bei ya unga. Hojaji iliyotafsiriwa mezani Nairobi itampa mama huyo alama chache, naye atahesabiwa mzima.

Kisiwa hichohicho ndicho cha Mwana Kupona, aliyetunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa. Tumeandika tasnifu ngapi juu ya wasia wake kwa bintiye, na ngapi juu ya ugonjwa wake? (Jibu litawaaibisha wasimamizi wetu.)

Napendekeza basi kwamba wenzetu wanaokwenda Lamu kukusanya data za Kiamu, Kipate na Kitikuu wasiridhike na orodha za msamiati wa uvuvi. Wakae na wakunga na wazazi, kwa idhini yao, warekodi jinsi wanavyouita uchovu usioisha, maziwa yasiyotoka na hedhi iliyokatika, kisha waikabidhi orodha hiyo kwa maafisa wa kliniki wa Faza. Hata sindano isipofika Pate, mama atakayeeleweka huenda akapewa vile vidonge vya kotiso, ambavyo kuvikosa huweza kumuua.