AFYA YA JAMAA: Siku za Kwanza Hospitalini Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Unene



Wiki hii tunajibu barua ya sajini mmoja ambaye mkewe amepangiwa kupasuliwa tumbo kwa ajili ya unene. Anaeleza kwamba mkewe ana kisukari na shinikizo la damu, kwamba magoti yake hayawezi tena kupanda ngazi, na kwamba madaktari wamempima mara nyingi kabla ya kukubali. Sajini haogopi kisu chenyewe. Linalomtia wasiwasi ni zile siku ambazo yeye ndiye atakayekaa kando ya kitanda. Mama mzazi wa mgonjwa ameshatangaza kwamba atafika hospitalini na matoke, kuku na supu yake, maana mwanawe hawezi kuachwa na njaa baada ya kupasuliwa. Sajini anauliza: Je, nimkatalie mama mkwe? Na nitajuaje kama mgonjwa anaendelea vema au vibaya?

Maswali haya mawili yana uzito mkubwa. Wahenga walisema, mgonjwa haulizwi uji. Kwa maradhi mengi methali hiyo ni ya kweli na ya huruma. Lakini kwa mgonjwa huyu, uji uliopikwa kwa mapenzi na kuletwa kabla ya wakati wake waweza kumrudisha katika chumba cha upasuaji. Kwa hiyo tueleze mambo kwa utaratibu.

UPASUAJI HUU NI WA NAMNA GANI

Upasuaji huu si wa urembo. Hufanywa kwa watu ambao unene umekuwa maradhi. Madaktari huchukua uzito wa mtu kwa kilo, wakaugawa kwa urefu wake kwa mita uliozidishwa kwa urefu huohuo. Mtu mwenye urefu wa mita 1.70 na uzito wa kilo 116 hupata hesabu ya 40. Kwa miaka mingi tangu 1991, kipimo kilichofuatwa kilikuwa 40, au 35 kwa mwenye maradhi kama kisukari. Mwaka 2022 vyama vya wapasuaji vilishauri kwamba wenye 35 wafikiriwe hata kama hawana maradhi mengine, na wenye kisukari wafikiriwe kuanzia 30.

Namna zinazofanywa zaidi ni mbili. Katika ya kwanza, sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo, yapata robo tatu au zaidi, hukatwa na kuondolewa. Kinachobaki ni bomba jembamba lenye umbo la ndizi. Katika ya pili, mfuko mdogo kama yai hutengwa juu ya tumbo na kuunganishwa na utumbo mdogo, ili chakula kiruke sehemu ya njia yake ya zamani. Hii ya pili ilianza mwaka 1966 kwa kazi ya daktari Edward Mason katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Siku hizi zote mbili hufanywa kwa kawaida kupitia matundu madogo manne hadi sita, kwa kutumia kamera, na mgonjwa hukaa hospitalini usiku mmoja hadi mitatu ikiwa hakuna tatizo.

Msomaji akumbuke jambo moja: ndani ya mgonjwa kuna mshono mrefu wa pini ndogo za chuma. Kwa nje aonekana mzima, vidonda vyake ni vidogo kama kucha. Kidonda kikubwa hakionekani. Amri zote za siku za kwanza hutokana na mshono huo.

SAA ZA KWANZA

Mgonjwa hupelekwa kwanza katika chumba cha kuzindukia. Jamaa wasishtuke wakimwona na mpira wa hewa puani, dripu mkononi, kitambaa cha kupimia shinikizo la damu kikijijaza upepo chenyewe, na pengine mpira wa mkojo. Miguuni aweza kuvikwa soksi za kubana, au mifuko inayojaa hewa na kupungua, ili damu isigande.

Nusukaputi ikipungua, koo humwasha kwa sababu ya bomba lililopitishwa humo, na kinywa humkauka. Wengi hupata kichefuchefu. Mwuguzi ana dawa yake, na afadhali iombwe mapema kabla ya kutapika. Jambo linalowashangaza wengi ni maumivu ya bega. Sababu ni ile gesi iliyotumiwa kulijaza tumbo ili madaktari waone vizuri. Mabaki yake huwasha kiwambo kilicho chini ya mapafu, na maumivu yakasikika begani. Hupungua baada ya siku chache, na kutembea huyapunguza.

Mgonjwa anayekoroma sana na kukatika pumzi usingizini, kama watu wanene wengi, hana budi kuwaambia madaktari kabla ya upasuaji. Kama ana mashine ya kumsaidia kupumua usiku, ije naye. Dawa kali za maumivu huweza kuifanya pumzi ya mtu kama huyo iwe nzito mno, kwa hiyo jamaa wasimshurutishe mwuguzi kumwongezea dozi, wala wasimpe kidonge kilichotoka mfukoni.

AMRI YA KWANZA: SIMAMA, TEMBEA

Hapa askari wetu watafurahi. Mgonjwa hatakiwi kulala siku tatu kama mzazi mpya. Saa chache tu baada ya kuzinduka, akisaidiwa na mwuguzi, huketi ukingoni mwa kitanda, husimama, kisha hupiga hatua mpaka mlangoni. Siku ya pili hutembea barazani mara kadhaa. Huu si ukatili. Mtu mnene akilala kitandani bila kujongea, damu huweza kuganda katika mishipa ya miguu, na donge hilo likisafiri hadi mapafuni huua kwa ghafla. Kwa sababu hiyohiyo hupigwa sindano ndogo ya kuzuia damu kuganda.

Amri ya pili ni kuvuta pumzi ndefu na kukohoa kila saa akiwa macho, ili mapafu yasijae makohozi na kuleta kichomi. Akohoapo, akumbatie mto tumboni, maumivu yatapungua. Kazi hii ya kuhesabu pumzi na hatua yamfaa sana mume aliyekaa karibu.

AMRI YA TATU: VIJIKO VIWILI

Sasa tufike kwenye chungu cha mama mkwe. Baada ya daktari kuruhusu, mgonjwa huanza kwa maji, na kipimo chake ni mililita 30, yaani vijiko viwili vikubwa, kwa kila dakika kumi na tano. Apige mafundo madogo kabisa, wala asibugie. Mtu aweza kudhani hiki ni kiu cha makusudi. Lakini tufanye hesabu: vijiko viwili kila robo saa ni mililita 120 kwa saa, na kwa saa kumi na mbili ni karibu lita moja na nusu, ambayo ndiyo shabaha ya kila siku. Haba na haba hujaza kibaba.

Baada ya maji hufuata vinywaji vyepesi visivyo na sukari, na mchuzi mwembamba uliochujwa. Soda ni marufuku kwa gesi yake na sukari yake. Juisi tamu, chai ya sukari na asali humletea aliyeunganishwa utumbo moyo kwenda mbio, jasho, tumbo kusokota na kuhara. Matoke, posho, nyama na mkate havina nafasi kabisa katika siku hizi. Tonge moja lililokwama katika njia iliyovimba huleta kutapika, na kutapika huvuta mshono.

Mgonjwa mwenyewe mara nyingi hasikii njaa. Jamaa wasiichukulie hali hiyo kuwa dalili mbaya. Pia wasishangae mizani ikionyesha ameongezeka kilo siku ya pili: hayo ni maji ya dripu. Na wasikasirike akilia na kusema anajuta. Uchovu, dawa na hofu huwafanya wengi walie siku ya pili au ya tatu. Neno jema na mkono wa kuegemea hutosha.

KISUKARI NA DAWA ZA ZAMANI

Kwa mke wa sajini jambo hili ni la maana sana. Baada ya upasuaji, sukari ya damu huweza kushuka ndani ya siku chache, hata kabla uzito haujapungua. Akiendelea na dozi yake ya zamani ya insulini au vidonge kama glibenklamaidi, sukari yaweza kushuka kupita kiasi. Dalili zake ni jasho, kutetemeka, moyo kudunda na kuchanganyikiwa. Kadhalika dawa ya shinikizo la damu, hasa ile inayoongeza mkojo, yaweza kumkausha. Kabla ya kutoka hospitalini, ombeni orodha iliyoandikwa: dawa gani iachwe, gani ipunguzwe, gani iendelee.

Kwa maumivu hutumika zaidi parasetamoli. Daiklofenaki, ibuprofeni na aspirini, ambazo watu wengi hununua dukani kama karanga, zisitumiwe bila ruhusa ya daktari, kwa maana huweza kutoboa kidonda katika tumbo lililopasuliwa.

DALILI ZA HATARI

Katika hospitali zenye ujuzi, anayefariki ndani ya siku thelathini ni kama mmoja katika watu elfu moja. Hatari ni ndogo, lakini ipo, na mojawapo ya zilizo kubwa ni mshono kuvuja. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwite daktari upesi ukiona hizi:

Mapigo ya moyo yakizidi 120 kwa dakika ilhali mgonjwa ametulia. Sajini ana saa; aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wa mgonjwa na ahesabu dakika nzima. Mara nyingi hii ndiyo dalili ya kwanza, kabla ya homa.

Maumivu ya tumbo yanayoongezeka badala ya kupungua; homa; pumzi fupi; au mgonjwa kuhangaika na kusema anahisi kitu kibaya kinatokea. Maneno hayo yasidharauliwe.

Kutapika damu, au choo cheusi kinachonata.

Kigimbi cha mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kifua kuchoma ghafla.

Kutapika kusikokoma, au kushindwa kunywa, na mkojo kuwa kidogo na wa rangi ya chai.

Tuongeze onyo moja kwa nchi zetu. Mshono huweza kuvuja hata baada ya wiki moja au mbili, mgonjwa akiwa nyumbani. Hapo homa ikipanda, jirani yeyote kambini atasema ni malaria, na vidonge vitatolewa. Yawezekana ikawa malaria kweli, na damu ipimwe. Lakini kipimo cha malaria kisicheleweshe safari ya kurudi kwa wapasuaji. Aliyepasuliwa karibuni akipata homa, shaka ya kwanza iwe juu ya mshono.

KURUDI NYUMBANI

Vyakula vya majimaji huendelea kwa muda wa wiki mbili hivi, kisha vilivyopondwa, kisha laini, na vya kawaida hurudi polepole baada ya wiki sita hadi nane, kwa mpango wa hospitali husika. Maziwa, mayai, samaki na maharagwe yaliyopondwa hutangulia kila kimoja kwa wakati wake, kwa kuwa mwili unahitaji gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Vidonge vya vitamini na madini ni vya maisha yote. Kwa wanawake, mimba ingojewe mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na njia ya uzazi wa majira ijadiliwe na daktari, maana vidonge huenda visitegemewe.

Kwa askari atakayepasuliwa mwenyewe, asibebe kitu kizito kwa wiki nne hadi sita, na mkanda wa sare usikandamize vidonda. Apewe barua ya daktari kwa mkubwa wake wa kazi, ili asilazimike kuchagua kati ya nidhamu na mshono.

NA MAMA MKWE?

Ndugu sajini, twajua jinsi mkwe anavyoheshimiwa kwetu. Mwanamume hawezi kusimama mlangoni pa wodi na kumrudisha mama mkwe akiwa na kikapu kichwani. Basi asingoje siku hiyo. Kabla ya upasuaji, shangazi wa mgonjwa amfuate mama na kumweleza kwa heshima. Au mama mwenyewe aje hospitalini siku ya mashauri, amsikie daktari kwa masikio yake na kuuliza anachotaka kuuliza. Mzazi akielewa kwamba kuna mshono usioonekana, yeye ndiye atakayekuwa mlinzi mkali kuliko wote.

Kuku yule asipotee bure. Watoto waliobaki nyumbani wanahitaji kula, na baba yao atakuwa hospitalini. Mama apike huko. Kisha aje wodini mikono mitupu, aketi, na ashike kile kijiko. Vijiko viwili kila robo saa ni kazi ndefu, na mume peke yake huchoka.

Wiki ijayo, tukijaaliwa, tutaeleza jinsi ya kuponda chakula cha mgonjwa kwa vyombo vilivyomo katika kila jiko.