Likizo Hadi Rusizi: Hesabu Ianzie Siku ya Kurudi

Askari aliyepata likizo ya siku 14 na kutaka kuipeleka familia yake Rusizi, mji uliojulikana zamani kwa jina la Cyangugu, hana budi kuanza hesabu kwa siku ya kuripoti kazini. Siku hiyo haisogezwi. Kibali cha mkuu wake na pasi za wote, hata za watoto, vitangulie; kisha mume na mke waigawe safari.

Kwanza reli: tangu mwaka 2024 treni ya umeme hutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Kutoka hapo ni basi, kupitia daraja la Rusumo, hadi Kigali, ambako saa hurudishwa nyuma kwa saa moja.

Gari likodiwe Kigali na kurudishwa papo hapo. Rwanda magari hupita kulia. Dereva aliyezoea kushoto, akijisahau mara moja tu, aweza kuiangamiza familia. Asiyejiamini akodi gari pamoja na dereva.

Walale Huye na kujaza petroli, kwani njia hupenya msitu wa Nyungwe, ulioingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2023. Msitu huo upitwe mchana. Rusizi wapumzike kando ya Ziwa Kivu, kisha warejee kwa njia ya Karongi na Muhanga.

Siku mbili za mwisho zisipangiwe jambo. Basi likiharibika njiani, hizo ndizo zitakazomwokoa askari asishtakiwe kwa utoro.