Masomo ya MBA yashuke Mtoni

Makamanda, nasoma MBA jioni, nakaa Mtoni kwa Azizi Ally. Masomo ya lazima ni uhasibu, fedha, masoko, uchumi. Kwenye fedha tunaanza na thamani ya pesa kwa wakati: elfu kumi ya leo si ya mwakani. Jirani yangu muuza chapati analijua hilo. Kausha damu wamemfundisha, tena kwa kumbebea meza!

Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri ilisimamishwa Aprili 2023, ikarudi. Sawa. Lakini kikundi kikishapewa mamilioni, nani anakifundisha kutenganisha mtaji na faida? Semina siku mbili, soda, picha na mgeni rasmi, basi. Mimi nalipia muhula mzima kujifunza hilohilo.

Tukiishika Temeke, hela ya semina imlipe mwalimu wa hesabu kila kata, usiku, meza zikishafungwa.