Mizani ya Daktari na Kitanga cha Tatu

Bingwa wa saratani za uzazi apatapo sifa siku hizi, husifiwa kwa mizani. Yasemwa kuwa asubuhi yumo katika chumba cha upasuaji, mchana yu kliniki, usiku huandika utafiti, na watoto wake hawakosi kumwona. Basi ameyasawazisha yote. Wasemao hivyo wamesahau umbo la chombo wanachokitaja. Mizani ina vitanga viwili. Kitanga cha tatu hushikwa na mkono wa mtu, na mtu huyo hatajwi.

Itazamwe habari ya Georgios Papanicolaou, Mgiriki aliyesomea udaktari akahamia New York mwaka 1913, ambaye kipimo cha seli za mlango wa kizazi chaitwa kwa jina lake. Alipoeleza uvumbuzi wake mwaka 1928 hakusadikiwa. Alisadikiwa baada ya kutoa kitabu mwaka 1943 pamoja na Herbert Traut, bingwa wa maradhi ya wanawake. Mkewe, Andromache, walipofika ugenini hawana kitu alishona vifungo dukani. Kisha aliingia maabarani akafanya kazi bila ya ujira, akatunza nyumba, na kwa miaka mingi seli za mwili wake mwenyewe ndizo zilizotazamwa katika hadubini. Hawakupata watoto. Waandishi wa kitabu kile ni wawili, na Andromache si mmoja wao.

Yasijibiwe kuwa hayo ni ya zamani na ya ng'ambo. Nchini Tanzania saratani ya mlango wa kizazi ndiyo iongozayo katika saratani za wanawake, na wagonjwa wengi hufika ugonjwa umekwisha kuenea, wakati kisu hakifai tena na tegemeo ni mionzi na dawa. Mabingwa ni wachache. Akiwa mwanamke, bingwa huulizwa ni nani amlindiaye mtoto. Mwenzake mwanamume haulizwi, kwani hudhaniwa kuwa ana mke, na jibu limekwisha patikana.

Hoja kubwa ya wapinzani ni kuwa mgonjwa yu mlangoni, utafiti na ungoje. Hoja hii ina huruma lakini haina hesabu. Katika miaka ya 1980 Harald zur Hausen alionyesha kuwa virusi vya papiloma vimo katika chanzo cha saratani hii. Chanjo ambayo wasichana wa Tanzania walianza kupewa nchini kote mwaka 2018 ilitokana na njia hiyo. Utafiti ni tiba ya mtu ambaye hajaugua. Kuusukumia usiku wa manane ni kuwatoza ushuru mtoto na mwenzi, ambao hawakuulizwa.

Chuo huhesabu makala kabla ya kumpandisha daktari cheo, na hospitali huhesabu wagonjwa. Kila upande hudai siku nzima kwa mtu yule yule. Basi siku za utafiti ziandikwe katika mkataba, ziwe za mchana, ziwe na mshahara. Na amsaidiaye, nyumbani au maabarani, alipwe na atajwe. Mpaka hapo neno mizani waachiwe wauza sukari.