Nani Aliyeipa Anga Sauti Yake?

Upo mchezo wa hadithi unaochezwa mezani. Msimulizi hueleza dunia iliyobuniwa. Wenzake hujitwika nafsi za watu wa dunia hiyo, wakasema watendalo, na dadu ikaamua bahati zao. Katika michezo ya safari za nyota, kama Traveller iliyotolewa Marekani mwaka 1977, wengi hupenda kuweka muziki wa chinichini ili wachezaji wajione wamo chomboni angani. Desturi hiyo siilaumu. Nailaumu kanuni inayofuatana nayo, kwamba muziki huo sharti uwe mvumo wa mitambo ya umeme, na kwamba ngoma na zeze ni vyombo vya jana visivyostahili hadithi ya kesho.

Kanuni hii haikutoka katika sayansi. Sauti haisafiri penye utupu. Anga yenyewe ni bubu. Mvumo wa umeme ulipata cheo katika filamu ya Forbidden Planet, mwaka 1956, ambayo muziki wake wote ulitengenezwa kwa mitambo. Miaka 12 baadaye Stanley Kubrick, katika 2001: A Space Odyssey, aliviendesha vyombo vya angani kwa dansi ya Johann Strauss iliyosikika kwanza Vienna mwaka 1867. Dansi hiyo ilikuwa na umri wa karne nzima, wala haikuizuia hadithi kuwa ya kesho. Basi ikiwa Vienna yaweza kupanda mbinguni, Katavi yazuiliwa na nani?

Mji wa machimbo, mwisho wa njia ndefu, mbali na makao ya watawala: hiyo ndiyo picha waipendayo watungaji wa hadithi za sayari. Mpanda ilikwisha kuwa hivyo. Madini ya risasi ndiyo yaliyoivuta reli ya tawi kutoka Kaliua, yapata kilomita 210. Mlio wa garimoshi porini usiku haupungukiwi na upweke wa nyota.

Kisha iko Katumba, makazi ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, ambao wengi walipewa uraia wa Tanzania mwaka 2014. Katika sanaa ya asili yao imo inanga, chombo cha nyuzi kinachopigwa huku msimulizi akinong'ona. Mnong'ono hauna tuni. Nyuzi huuazima tuni yake, na sikio hudhani kwamba mnong'ono waimba. Ni muziki gani utakaoshinda huo katika hadithi ya watu walioiacha sayari yao?

Watasema inanga itamrudisha mchezaji kijijini. Naam, itamrudisha, kwa kuwa tumeifungia huko. Sauti hupata maana kwa matumizi, nayo dansi ya Vienna ni shahidi.

Jambo hili si dogo. Kijana asimuliaye kesho kwa Kiswahili, huku kesho hiyo ikivuma kigeni tu, hufundishwa pasipo neno kwamba atakuwa mgeni ndani yake. Katama Mkangi, katika Walenisi ya mwaka 1995, alikwisha kulifikisha neno letu katika ulimwengu mwingine. Wenye vinasa sauti na waende Mpanda na Katumba, wawaombe wapigaji ruhusa na kuwalipa haki yao, kisha waziweke sauti hizo mezani, kando ya dadu.